Jiwe la Kuzuilia Mlango



Mliohudhuria mkutano mkuu wa mwaka jana mtakikumbuka kile kiroba. Mweka hazina alipomaliza taarifa yake, kijana wetu mmoja aliyefika kwa basi kutoka nyumbani alisimama, akaomba dakika mbili, kisha akamimina mawe matatu mezani. La kwanza lilikuwa nene na refu kama kipande cha mchi uliovunjika. La pili lilikuwa la mviringo, kubwa kuliko kichwa cha mtu. La tatu lilikuwa bapa, lenye mistari mistari. Akasema, "Wazee wangu, naomba mniambie: hii ni mijusi au siyo mijusi?" Zile dakika mbili zikawa saa nzima, na ajenda ya paa la zahanati ikasubiri mpaka baada ya chakula.

Tunakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Palikuwa na mwalimu mstaafu, muuguzi, fundi ujenzi na wafanyabiashara wa korosho na ufuta, na kila mmoja alisema lake. Fundi aliona mawe ya kawaida tu. Muuguzi alilishika la kwanza, akaligeuza upande uliovunjika, akasema halina tofauti na mfupa wa paja, ila ni la paja lipi hajui. Mzee wetu mmoja hakusema neno, alililamba. Ukumbi mzima ulicheka. Baadaye tulikuja kugundua kwamba katika wote waliokuwa pale, ni yeye na muuguzi tu waliokuwa wamefanya uchunguzi.

Jambo hili lilitutia aibu kidogo. Sisi ni watu wa Tendaguru. Ukijitambulisha popote mjini kwamba kwenu ni huko, swali la kwanza ni mjusi, na tumezoea kujibu kwa malalamiko: mjusi wetu yuko Berlin. Malalamiko hayo yana haki yake na hatuyafuti hapa. Lakini tukiwekewa mfupa mkononi, hatuujui. Ndiyo maana ukurasa wa historia wa mwaka huu tumeutoa kwa swali la yule kijana.

Kilima cha Tendaguru kiko kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi. Vitabu huanza habari zake mwaka 1906, pale Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi Mjerumani aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni moja, alipoona mfupa mkubwa umetokeza ardhini karibu na njia. Sisi tungependa kuanza nyuma kidogo. Njia ile ilikuwa njia ya watu, na watu hao walilima, wakachimba na kujikwaa kwenye mifupa hiyo kabla mhandisi hajapita. Tena mwaka ule haukuwa mwaka wa mtu kuzunguka akishangaa mawe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika kwetu, na nyuma yake ikaja njaa. Anayewalaumu wazee wetu kwamba hawakuithamini mifupa ajiulize kwanza walikuwa wakila nini.

Mwaka uliofuata, 1907, alifika mtaalamu kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas. Alikuja akiwa mgonjwa wa kuhara damu, akachimba kwa muda mfupi, akaondoka na mifupa aliyoweza kuipata. Mwaka 1908 aliandika kwamba ni wanyama wa aina mbili wa jamii moja, akaiita jamii hiyo Gigantosaurus. Hapa ndipo panapotufaa sisi tulioshindwa na kiroba, kwa sababu mtaalamu mwenyewe aliteleza. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumika tangu 1869 kwa mifupa iliyopatikana Uingereza, na kanuni ya fani hiyo haikubali jina moja kwa wanyama wawili. Mwaka 1911 likabadilishwa kuwa Tornieria. Baadaye ikaonekana kwamba wale wanyama wawili si wa jamii moja hata kidogo, na yule wa pili, aliyejulikana kwa mguu wake wa nyuma, akapewa jina lake la sasa, Janenschia, mwaka 1991. Kutoka kuokotwa mpaka kuitwa jina linalokubalika ilipita miaka zaidi ya 80. Basi saa moja ya mkutano wetu haikuwa nyingi.

Baada ya Fraas, Wajerumani walichangishana. Ndiyo, ilikuwa harambee kama hii yetu: wenye viwanda, matajiri na wakubwa wa serikali walitoa fedha ili Jumba la Makumbusho la Berlin litume watu wake. Msafara ulifanya kazi kuanzia 1909 hadi 1913, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig. Tajiri mmoja mchangiaji, Paul Bamberg, jina lake likaingia katika jina la mnyama: mjusi mwembamba wa Tendaguru aitwaye Elaphrosaurus bambergi. Mweka hazina wetu ameomba tulitaje hilo, na tumelitaja.

Kazi yenyewe ilifanywa na watu wa kwetu. Miaka ya kazi nyingi walikuwa mia nne hadi mia tano, na wengine walikuja na wake zao na watoto, hata kambi ikawa kijiji kikubwa. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wachimbaji walifunua mfupa kwa uangalifu, wakaufunga kwa udongo na mianzi ili usivunjike, kisha wapagazi wakaubeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Iliondoka zaidi ya tani 200 za mifupa kwa njia hiyo. Baadhi ya mafurushi yale ya mianzi yalikaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa, yamefungwa vilevile kama mikono ya wazee wetu ilivyoyaacha.

Kwa nini iwe kazi ngumu hivyo kujua mfupa ni wa nani? Kwa sababu mnyama hakufa akiwa amelala vizuri kama mbuzi machinjioni. Miaka kiasi cha milioni 150 iliyopita, pale palipo na vichaka vyetu palikuwa pwani. Bahari ilipanda na kushuka. Miili ilioza, maji yakaisukuma, shingo huku, mguu kule, na mara nyingi kichwa kikapotea kabisa. Yule Elaphrosaurus hana kichwa mpaka leo. Kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa ndugu wa mijusi wanaofanana na mbuni. Baadaye ikaonekana sivyo, na mwaka 2016 wataalamu waliopima upya mifupa yake walimweka kwenye ukoo mwingine kabisa. Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni aliyechimbwa kwa wingi upande wa Kindope, alikuwa na mwiba mmoja mrefu kila upande. Waliomuunga mwanzo waliuweka nyongani. Siku hizi unawekwa begani, kwa kuwa wanyama wa jamii yake waliopatikana China, mifupa ikiwa mahali pake, wameonyesha unakokaa. Hata yule mkubwa anayesimama Berlin, mwenye kimo cha mita 13.27, ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937 mkia ukiburura chini, na mwaka 2007 akaundwa upya mkia ukiwa juu. Jina lake nalo limebadilika: Janensch alimwita Brachiosaurus, akimhesabu wa jamii moja na mwenzake wa Marekani, lakini sasa wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan.

Bahari ile iliacha fumbo jingine ambalo kila mtoto wa kwetu analijua: makombe ya baharini mahali ambapo hakuna bahari. Wengine tuliambiwa utotoni kwamba ni mabaki ya chakula cha wasafiri wa zamani. Si hivyo. Tabaka za mijusi pale Tendaguru ni tatu, na kati yake zimelala tabaka zenye viumbe wa baharini, hasa makombe mazito yenye matuta. Kwa hiyo ukiokota kombe lililogeuka jiwe usilitupe kwa kuwa si mjusi. Kombe linamwambia mtaalamu umesimama kwenye tabaka ipi, kama vile muhuri wa posta unavyoeleza barua ilikotoka.

Tukamtaje na mtu mmoja ambaye habari zake zinatugusa. Baada ya vita kuu, nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza, makumbusho yao ya London yalituma msafara uliodumu kuanzia 1924 hadi 1931. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa William Edmund Cutler, na hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mkulima aliyehamia Kanada, akaanza kuokota mifupa mwenyewe, akajifunza kwa macho na mikono. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 20 tu, Louis Leakey, yule aliyekuja kujulikana baadaye kwa Olduvai. Boheti naye alirudi kazini, na bila shaka kati ya wote watatu ndiye aliyeijua ardhi ile zaidi. Cutler aliugua malaria akafa mwaka 1925, akazikwa Lindi. Waliomfuata waliendelea, na mwaka 1930 mmoja wao, Frederick Migeod, alichimba mifupa ya mjusi mkubwa mwenye shingo ndefu ikapelekwa London. Alihesabiwa kuwa ni ndugu wa yule wa Berlin. Baadaye waliomtazama vizuri walianza kuwa na mashaka, wakampa jina la utani la "Askofu Mkuu", na miaka mingi ikapita akingoja jina la kitaalamu. Karibu karne moja sasa, na hao ndio wenye maktaba na mashine.

Lakini simulizi tunayoipenda zaidi ni ya mkia. Katika msafara wa Wajerumani, Mohammadi Keranje aligundua na kuchimba mkia wa mjusi, pingili 30 zilizopangana. Mwaka 1929 Janensch aliuandika kuwa ni wa yule mnyama wa pili wa Fraas. Hakukuwa na ushahidi wa moja kwa moja, kwa sababu mnyama yule alijulikana kwa mguu na huu ulikuwa mkia, na huwezi kulinganisha mguu na mkia. Ilibaki hivyo hadi 2019, wataalamu walipoupima upya wakasema ni mnyama mwingine kabisa, anayefanana zaidi na mijusi ya China. Wakamwita Wamweracaudia keranjei, yaani mkia wa Wamwera, wa Keranje. Bamberg aliingia katika jina mwaka 1920. Keranje amengoja hadi 2019.

Na iliwezekana kwa sababu pingili zile zilikaa pamoja na ilijulikana zilichimbwa wapi. Makumbusho ya Berlin yalipigwa mabomu katika vita vya pili, mifupa mingi ikaharibika, na kumbukumbu nyingi za mashimo zikaungua. Mfupa uliopoteza kumbukumbu yake upo pale rafuni, mzima, lakini ni kama mtoto aliyepotea sokoni asiyejua jina la baba yake.

Sasa turudi kwenye kiroba. Tulimwomba mtaalamu mmoja wa mambo ya kale atutazamie, na alianza kwa kutukemea, nasi tulistahili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu mabaki ya namna hii kuwa mali ya kulindwa: huruhusiwi kuyachimba bila kibali, na ukiyakuta unatakiwa kutoa taarifa. Kuyapakia kwenye basi si utaratibu. Tunaliandika hili wazi kwa sababu tunajua kuna wapita njia wanaowauliza vijana wetu kama wana "mawe ya mjusi" ya kuuza.

Baada ya kukemea alitufundisha, na tunawapa mlioko nyumbani kama tulivyopewa. Usitazame umbo kwanza. Umbo ndilo linalodanganya, maana mvua na upepo vinaweza kuchonga jiwe lolote likafanana na goti, yai au kichwa. Tazama palipovunjika. Mfupa hata ukigeuka jiwe huacha alama ya ulivyokuwa: ganda gumu nje, na ndani vitundu vidogo vidogo kama mkate au sifongo, pale palipokuwa na uboho. Jiwe la kawaida ni lilelile nje na ndani. Linganisha na mfupa wa ng'ombe uliokauka, ambao kila nyumba inao. Na kuhusu ulimi, mzee wetu alikuwa sahihi: vile vitundu hunyonya mate, hivyo mfupa wa kale mara nyingi hunata ulimini ilhali jiwe halinati. Wachimbaji wa fani hiyo hufanya hivyo hivyo. Mtaalamu alitahadharisha tu kwamba si kipimo cha mwisho, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi nao hunata, na kwamba ni vyema kujua kwanza jiwe lilikuwa limelala wapi na mbuzi.

Jiwe la pili, lile kubwa la mviringo ambalo wengi tulikuwa tumekwisha kuliita yai, halikuwa kitu: donge la mchanga lililogandamana kwa chokaa. La tatu, bapa lenye mistari, lilikuwa mti uliogeuka jiwe. Mistari ile ni nyuzi za mbao, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaziona zimepangana kama kwenye ubao wa mninga. Hatukutarajia kulifurahia, lakini sasa ndilo tunaloliulizia zaidi, kwa sababu linatupa picha ya misitu waliyoila mijusi wale.

La kwanza lilikuwa mfupa. Kipande cha mfupa mrefu wa mguu wa mjusi mkubwa, huenda wa jamii ya wenye shingo ndefu. Tulipouliza ni yupi kati yao, mtaalamu alituuliza swali moja tu: limetoka wapi? Sote tukamgeukia kijana. Akasema alipewa na jirani, na jirani alikuwa akilitumia kuzuilia mlango usipigwe na upepo. Kabla ya hapo? Hajui. Mtaalamu akaliweka chini polepole akasema, "Basi ni mfupa wa mlangoni." Hakusema kwa dharau, lakini liliuma.

Kwa hiyo, ndugu zetu, katika makadirio ya mwaka huu, chini ya paa la zahanati na madawati, mtaona mstari mdogo ulioandikwa "kabati na daftari". Ni kabati moja la kufungwa kwa ufunguo litakalokaa shuleni, daftari gumu, kamera ya bei nafuu, na nauli ya kumleta mtaalamu nyumbani mara moja kwa mwaka. Kabati si la kukusanyia mifupa. Ni la kutunza daftari na picha, pamoja na vile vipande vilivyokwisha kuokotwa zamani, mpaka wenye mamlaka waseme viende wapi. Mtoto au mkulima akiona kitu shambani, atakiacha palepale, ataweka alama, atamwita mwalimu, nao wataandika: shamba la nani, karibu na mti gani, upande gani wa kijito, kuna makombe jirani au hakuna, nani aliyeona. Jina la aliyeona liandikwe kwanza. Baadhi yenu mmeshaahidi kuchangia kabati peke yake, na tunawashukuru. Nanyi mlioko mijini wenye kipande sebuleni mlichopewa na babu, msione haya. Kileteni pamoja na hadithi yake yote, hata kama mnaikumbuka nusu.

Daftari la majaribio tulilianza bila kusubiri fedha, na ukurasa wake wa kwanza umeandikwa. Kijana wetu alirudi nyumbani mwezi uliofuata, akaenda kwa jirani yule, naye akamwelekeza kwa mama yake mzazi. Bibi yule anakumbuka vizuri. Alilibeba mwenyewe, akiwa ameolewa karibuni, siku walipokuwa wakifyeka shamba jipya ng'ambo ya kijito, na anasema pale yalikuwapo mengine ya aina hiyo ambayo walimlia mume wake kwamba yanaharibu majembe, wakayarundika chini ya mpingo. Mwalimu aliandika yote hayo, akatia tarehe, na bibi akaweka dole gumba. Kisha akauliza kama mlango wake utaendelea kupigwa na upepo. Kijana amempelekea tofali.